Mzee Karibu, Fundi Aliyeuliza Kama Tutatambuana

Ndugu, jamaa, majirani na washarika wenzetu, kabla ya yote familia inaomba radhi. Wengi mliokusanyika hapa mliwahi kupishana na marehemu njiani, mkamwinulia mkono, naye akawapita kama anayepita nguzo ya umeme. Baadhi yenu mlinuna. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikaa miezi bila kumwamkia. Marehemu hakuwa na kiburi. Alizaliwa bila uwezo wa kutambua sura za watu. Pua aliiona, macho aliyaona, mdomo aliuona, na vyote aliviona vizuri; lakini akigeuka na kutazama tena, ni kama ndiyo kwanza anaviona. Ndiyo sababu alimwambia kila mtu "Karibu, karibu sana," awe mgeni au mtoto wake wa kumzaa, na ndiyo sababu wote tulimjua kwa jina la Mzee Karibu.

Alizaliwa tarehe 12 Juni 1945, mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa mpaka rangi, na mama yake alikuwa mfuaji wa nguo katika shule ya bweni. Waliishi katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mtoto huyu alimjua mama yake kwa harufu ya sabuni, na kwa kuwa mtaa mzima ulinuka sabuni, siku moja alimfuata mwanamke mwingine mpaka nyumbani kwake, akaketi mezani akisubiri chakula.

"We mtoto wa nani?" yule mama akamuuliza.

"Wako," akajibu, na kusogeza sahani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1953 na kumaliza mwaka 1960. Hesabu aliziweza, kusoma alikupenda, ila alipata taabu kila mwalimu alipobadilisha koti. Mwalimu wa darasa la tatu alikuja siku moja na koti jipya la kijivu, na mwanafunzi wetu akasimama kwa adabu akamwuliza kama amekuja kumtafuta mwalimu wao. Alichapwa kwa kosa hilo, na tangu siku hiyo alianza kuyatazama mavazi ya watu kwa makini kuliko mtoto yeyote wa rika lake. Alijua kola ya nani imelegea, kifungo cha nani kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na suruali ya nani ilikuwa ya kaka yake kabla haijawa yake. Alipopelekwa kwa fundi cherehani kujifunza kazi mwaka 1961, fundi huyo alisema hajawahi kupata mwanafunzi anayeipenda nguo namna hiyo. Ukweli ni kwamba nguo ndizo zilizokuwa sura za watu kwake.

Mwaka 1966 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja chenye dirisha pana lililotazama barabara. Kulikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na kioo kirefu chenye ufa ambacho hakukibadilisha mpaka mwisho. Alifanya kazi hapo zaidi ya miaka hamsini. Wateja walijifunza kujitaja mlangoni: "Mimi ni yule wa gauni la ubatizo," au, "Ni mimi, suruali mbili za kaki." Akishasikia hivyo, alikukumbuka wewe, vipimo vyako, watoto wako, na ugonjwa aliokuwa akiumwa mama yako mara ya mwisho ulipokuja.

Hapo ndipo alipokutana na mke wake. Marehemu mama alikuwa karani wa posta, msichana mchangamfu ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo kutokana na ugonjwa wa utotoni. Sketi zake zote zilining'inia upande. Mafundi waliotangulia walizipima mezani, wakazikata sawasawa, na zikaendelea kuning'inia upande. Mzee Karibu alimsimamisha katikati ya chumba, akapiga magoti, akapima pindo kuanzia sakafuni kwenda juu, pande zote. Sketi ilipokuwa mezani ilionekana imeharibika. Mwenyewe alipoivaa, pindo lilikaa sawa kama maji ndani ya beseni.

Kesho yake alirudi kuichukua.

"Karibu, karibu sana," alisema fundi. "Nikusaidie nini, dada?"

"Nimefuata sketi yangu."

"Ipi hiyo?"

"Ipi tena? Jana umenizungusha hapa kama feni, leo hunijui?"

Alikasirika, akageuka kuondoka. Alipopiga hatua mbili tu, fundi akaruka kutoka kwenye kiti. "Ni wewe! Samahani, ni wewe!" Alikuwa ameutambua mwendo. Siku ile ile alimweleza tatizo lake, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, na yule karani akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi kwenye watu wengi wewe usinitafute. Simama tu. Mimi nitakuja nikuite." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1970. Gauni la harusi alilishona bwana harusi mwenyewe. Wageni walidhani ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi, lakini pia alitaka kuwa na hakika na bibi harusi atakayeingia mlangoni.

Mungu aliwajalia watoto watatu. Alipozaliwa wa kwanza, mwaka 1972, Mzee Karibu alikwenda wodi ya wazazi akiwa na chupa ya chai. Akakuta kina mama kumi na wawili, wote wamelala, wote wamevaa nguo ya buluu ya hospitali. Hakuna gauni aliloshona yeye, hakuna anayetembea. Alisimama akiangaza macho, kisha akajipa moyo, akamwendea mama wa kitanda cha tatu, akammiminia chai, akamsifia mtoto, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mama yule alikunywa. Kutoka kitanda cha tano ikasikika sauti: "Baba watoto, ukimaliza huko na huku tupo, ila usinichekeshe, nina nyuzi."

Kisa hiki kilisimuliwa katika kila sherehe ya familia, na yeye ndiye aliyekisimulia vizuri kuliko wote.

Kanisani alihudumu miaka mingi kama mpokeaji wa wageni mlangoni. Washarika wapya walisema hawajawahi kupokewa vizuri namna ile. Washarika wa zamani nao walipokewa hivyo hivyo, kila Jumapili. Kuna wakati alimwongoza mke wa mchungaji hadi viti vya mbele vya wageni, na wageni walipoombwa wasimame kujitambulisha, mama mchungaji alisimama akasema, "Bwana asifiwe. Natokea jikoni kwa mchungaji, na leo ndiyo mara yangu ya elfu kusali hapa." Kanisa zima lilicheka, na Mzee Karibu alicheka zaidi yao. Alikuwa karibu na miaka sitini daktari alipomweleza kwamba hali yake inajulikana, na kwamba kuna wengine wengi kama yeye. Alirudi nyumbani amefurahi. "Tupo wengi," alimwambia mkewe. "Tatizo tukikutana hatutajuana."

Mama alifariki tarehe 3 Novemba 2017. Hapo ndipo kicheko kilipomwisha Mzee Karibu kwa muda mrefu. Watoto walidhani ni huzuni ya kawaida. Lakini kila wimbo wa kukutana tena mbinguni ulipoanza, yeye alifunga mdomo, na mara nyingine alitoka nje. Kitinda mimba wake, mwalimu wa chekechea aliyekuwa akiishi naye, alimkalisha chini.

"Baba, umeacha kuamini?"

"Naamini kila kitu, mwanangu. Hilo ndilo tatizo." Akaongeza, "Mama yako ameponywa mguu. Namshukuru Mungu kwa hilo, aliteseka nao. Na wote kule wamevikwa nguo nyeupe, umati usiohesabika. Sasa mguu umepona, pindo liko sawa, nguo ni moja kwa wote, mimi nitamjuaje? Itakuwa ile wodi ya wazazi, mwanangu, tena bila vitanda vya kuhesabu. Nitamsalimia mwenziwe, nimpite yeye."

"Si atakuita?"

"Miaka arobaini na saba ameniita. Safari hii nilitaka nimjue mwenyewe, hata mara moja. Na kama sitaweza hata mbinguni, basi sielewi mbingu ni ya nini."

Swali hilo alilipeleka kwenye kipindi cha kujifunza Neno siku ya Alhamisi. Mchungaji alimjibu vizuri. Alimkumbusha Daudi, ambaye alipofiwa na mtoto alisema yeye ndiye atakayemwendea mtoto huko aliko. Na Petro kule mlimani, aliyewajua Musa na Eliya ingawa hakuwahi kuwaona hata siku moja. Mzee Karibu alisikiliza mpaka mwisho. "Asante, mchungaji," alisema, "ila huyo Petro hata hapa duniani alikuwa anawajua watu. Alianza mbele yangu."

Wiki kadhaa baadaye mchungaji alifika karakana akiwa na suruali ya kupunguza. "Ni mimi, mchungaji," alijitaja mlangoni kama kila mtu. Akapimwa, na alipokuwa amesimama na pini miguuni alisema, "Mzee, nimewakumbuka wale wawili wa njia ya Emau. Walitembea na Bwana wakati wa mchana, wakaongea naye njia nzima, na wasimtambue."

Mzee Karibu aliinua kichwa. "Walikuwa hawamjui?"

"Walikuwa wafuasi wake."

"Na hakuwagombeza?"

"Aliwagombeza kwa uzito wa kuamini. Kwa kutoitambua sura yake hakuwaambia neno."

"Kisha?"

"Kisha wakaketi mezani, akaumega mkate, macho yao yakafumbuliwa, wakamjua."

"Hebu ngoja kwanza. Walifanyaje mpaka yakafumbuliwa? Walijitahidi vipi?"

"Hawakujitahidi chochote, mzee wangu. Walikuwa wanasubiri kula. Walifumbuliwa na Mungu. Na mtume Paulo anasema hata sisi sote sasa tunaona kama kwa kioo, kwa giza giza. Siku ile ndiyo tutaona uso kwa uso. Mimi ninayejua sura za watu, na wewe usiyezijua, wote tunasubiri kufumbuliwa macho na Yeye yule yule."

Mzee Karibu alikaa sakafuni. Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni, na mchungaji akabaki amesimama na mguu mmoja mfupi na mwingine mrefu. "Kumbe hiyo kazi si yangu!" alisema. "Miaka yote hii nahangaika na kazi ya Mwenyewe!" Jumapili iliyofuata aliimba. Tangu hapo aliizungumzia mbingu kama mtu aliyeandikiwa miwani na anangoja iwe tayari, na alipoulizwa kama ana hakika, alijibu, "Nitakwenda nione. Miwani si huwa unaijaribu machoni?"

Mwezi Februari 2024 alianza kuugua moyo, akalazwa. Hakukosa utani. Wauguzi wote aliwaita "dada yangu yule yule," na wao walishindana nani atapata karibu ya kwanza asubuhi. Baadaye alihamishiwa chumba cha uangalizi, ambako kila anayeingia huacha viatu mlangoni na kuvaa koti jeupe juu ya nguo zake.

Ijumaa alasiri, tarehe 19 Aprili, kitinda mimba alifika. Alikuwa amelia kwenye korido, na kwa kuogopa sauti isimsaliti alisimama mlangoni kimya, bila viatu, amevaa lile koti. Baba yake aligeuza kichwa, akamtazama.

"Kitinda mimba, mbona umesimama hapo? Ingia, mwanangu."

Hakusema karibu, karibu sana. Alimwita.

Jambo hili limejadiliwa mno nyumbani juma hili. Kaka mkubwa, ambaye ni fundi umeme na hupenda kila kitu kiwe na sababu, amesema, "Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, na zamu ilikuwa yako. Angekuja nani mwingine?" Dada wa kati amesema huenda ni mafuta ya nywele. Kitinda mimba amewajibu, "Semeni mtakavyo. Nyinyi hamkuwepo." Kisha amewaeleza kilichofuata, na tangu awaeleze hakuna aliyebishana tena.

Aliketi kando ya kitanda. Baba akaendelea kumtazama usoni, taratibu, paji la uso, macho, mashavu, kama mtu anayesoma. Watu wamekuwa wakisema tangu binti huyu akiwa mchanga kwamba kwa sura ni mama yake mtupu, na Mzee Karibu alikuwa akiitikia kwa adabu tu, kwani kwake maneno hayo hayakuwa na maana yoyote. Mchana ule alitabasamu, akamshika kidevu.

"Kumbe umefanana na mama yako," alisema.

Alifariki dunia alfajiri ya Jumapili, tarehe 21 Aprili 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na minane.

Ameacha watoto watatu: mwana mmoja fundi umeme, na mabinti wawili, mmoja mhasibu na mmoja mwalimu. Ameacha wajukuu saba, kitukuu mmoja, ndugu zake wawili, na wakwe ambao aliwakaribisha upya kila walipokuja.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Lala kwa amani, Baba, na asubuhi ile uamke ukiwajua wote.