Ng'ombe Watoke Kwanza

Keti hapa karibu na miguu yangu, Kiogora, na wewe Makandi iache hiyo chai, sitainywa. Marcella, mke wa mwanangu, usiende jikoni. Leo sisemi Kimeru, nasema Kiswahili, kwa ajili yako wewe uliyetoka Embu, kwa sababu neno nililo nalo lina kipande chako ndani, na sitaki mtu aje kukutafsiria baadaye akiwa amelipunguza. Najua mnangoja niwagawie ng'ombe. Mmekuwa mkiwahesabu kwa macho tangu daktari aliposema nirudishwe nyumbani, wala siwalaumu, ningekuwa ninyi ningewahesabu pia. Basi nisikilizeni mpaka mwisho na mtu asinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kazi hii tu.

Shamba halina maneno mengi. Upande wa juu wenye viazi ni wa Kiogora. Upande wa barabarani, mpaka kwenye mikaratusi, ni wa Makandi, na asitokee mzee wa ukoo kumwambia kwamba binti hapewi shamba, nimeshaandika na chifu ameshuhudia. Nyumba ni ya yule atakayekubali kulala ndani yake. Lakini wale ng'ombe kumi na wanne walio zizini, wanangu, hakuna atakayerithi hata mmoja, kwa sababu si wangu. Kiogora, nimesema usinikatize.

Mnajua nililinda uwanja wa ndege huko chini ya Ruiri wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, lakini ndege sikuanza kuzijua hapo. Wakati wa vita vya pili vya Wajerumani nilichukuliwa nikiwa kijana, nikapelekwa Nanyuki kusukuma mapipa ya mafuta na kuosha mabawa, na marubani wote walikuwa Wazungu, vijana ambao ndevu zilikuwa hazijawatosha, na mwingine alipaa asubuhi na jioni kitanda chake kikapewa mgeni. Halafu ikaja ile Hali ya Hatari, Wazungu wakiwasaka wapiganaji wa msituni, ndege zikamwaga mabomu huku mlimani, na mama yenu Karwirwa tangu hapo akisikia ngurumo ya ndege aliingia chini ya kitanda, hata miaka kumi baadaye, hata akiwa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo fikirini ilivyokuwa kwangu tulipopata Uhuru, na vita vikaanza kule kaskazini, na siku moja ikatua ndege ndogo ya injini moja, mabawa yako juu, na aliyeshuka kiti cha mbele akavua kofia ya ngozi ni mtu mweusi.

Aliitwa Nyaga. Alikuwa wa Kianjokoma, Marcella, soko lile lile lenu. Siku uliyoletwa hapa kama bibi harusi na wazee wakataja ulikotoka, mlisema baba amekataa chakula kwa sababu ya furaha. Haikuwa furaha.

Nyaga alinisalimia kwa mikono miwili kama anamsalimia baba yake. Aliposikia habari ya mama yenu alimwita mpaka uwanjani, akamshika mkono akauweka kwenye bawa, akamwambia, "Mama, hii haina bomu. Ina mikate na dawa za askari." Tangu siku hiyo Karwirwa hakuingia tena chini ya kitanda. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa nimeshindwa kumtoa, naye kijana wa miaka ishirini na mitatu alimtoa kwa neno moja. Nilimpenda kwa hilo. Nasema wazi, nilimpenda kama ninavyokupenda wewe, Kiogora.

Kazi yangu ilikuwa kupaka chokaa mawe ya kando, kuangalia ule mfuko mrefu wa kitambaa juu ya mlingoti unaomwonyesha rubani upepo unatoka wapi, na kufukuza mifugo. Nilikuwa na vitambaa viwili vikubwa, cheupe na chekundu. Chekundu nikikitandika, ndege isishuke. Nyaga aliniambia, "Mzee, nikiwa juu sioni shimo wala jiwe, na hewa ya huku ni nyepesi, nikishagusa chini siwezi kuinuka haraka. Naona kitambaa chako tu. Ukiweka cheupe, nashuka." Akacheka. Mimi pia nikacheka.

Sasa kuhusu Runji. Runji alikuwa rika langu, tulitahiriwa siku moja. Alikaa chini zaidi, karibu na njia walizopita wezi wa mifugo wenye bunduki, akaona vyema aniletee maksai mmoja na mtamba mmoja niwaweke, kwa vile mimi nilikuwa karibu na askari. Mnajua desturi yetu. Ukiwekewa ng'ombe na rafiki, maziwa ni yako, ndama ni wake, na haitangazwi kwa majirani nani ana ng'ombe wa nani. Likitokea jambo, aliyewekewa ndiye anayejibu. Hakuna karatasi. Kuna mdomo wako tu.

Mwaka ule wa njaa, tulipokula mahindi ya njano ya msaada, nyasi ziliisha kila mahali isipokuwa uwanjani, kwa sababu uwanja ulikuwa na seng'enge. Ndege ilikuja Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine nilifungua lango nikaingiza ng'ombe wangu na hao wawili wa Runji, wakala mpaka saa sita, nikawatoa. Nilifanya hivyo wiki tano na hakuna aliyejua.

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Nilisikia injini nikadhani ni lori. Nilipoinua kichwa ndege ilikuwa inazunguka, na nikajua inakuja kuchukua majeruhi, kwa maana usiku wa jana yake kulikuwa na risasi kule chini. Nilikuwa na muda, wanangu. Hilo ndilo linalonila. Ningetandika chekundu, angezunguka mara ya pili, hata ya tatu, mpaka nimalize. Lakini chekundu kilikuwa lazima kielezwe, afisa angeuliza kwa nini uwanja ulifungwa, na kazi yangu ingeisha. Nikakimbiza ng'ombe. Wakatoka wote, nikaona wametoka wote, nikatandika cheupe. Maksai wa Runji alikuwa amesimama mwisho wa uwanja, kwenye kivuli cha mgunga, ametulia anacheua. Sikumwona mpaka alipotembea.

Nyaga alishuka vizuri. Nilimwona usoni alipopita, alikuwa ananiangalia, aliinua mkono kunisalimia. Halafu alimwona maksai, akapinda, bawa likagusa chini. Nilimtoa kwa mikono yangu hii. Alikuwa bado anapumua, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mzee, si uliweka cheupe?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, niliweka. Akafa hapo hapo.

Nipe maji kidogo, Makandi. Yatosha.

Maafisa walipokuja waliangalia sikio la maksai. Alama ilikuwa ya Runji, sikio la kushoto limepasuliwa mara mbili, kila mtu anaijua. Wakamleta. Wakauliza, huyu ni ng'ombe wako? Akasema ni wangu. Wakauliza, aliingiaje? Runji hakujibu. Alinigeukia akaniangalia, akangoja. Nilielewa anachongoja, kwa sababu aliyewekewa ng'ombe ndiye anayejibu, na Runji asingetaja jina langu mbele ya watu hata wangemchoma moto. Alinipa nafasi yangu, wanangu, alinipa muda mrefu kabisa. Nami nikaangalia viatu vya afisa. Nikasema seng'enge ilikatwa usiku. Nikasema sijui.

Walisema amesaidia shifta. Alifungwa miaka minne, mifugo yake mingine ikachukuliwa. Mimi nilirudi nyumbani, nikachukua kisu, nikakata sikio la yule mtamba mpaka alama ya Runji ikaisha. Mnamkumbuka ng'ombe wa sikio fupi. Mlipokuwa wadogo mliniuliza lilienda wapi, nikawaambia fisi. Wangu mwenyewe waliisha na ukame ule; yeye ndiye bibi wa mabibi wa ng'ombe wote walioko zizini, maziwa yake ndiyo yaliyowasomesha.

Runji alipotoka gerezani alikuja mpaka langoni, amekonda. Hakunitukana. Aliniuliza, "Muthamia, mtamba wangu ni mzima?" Nami nikamjibu, "Mtamba gani?" Akavaa kofia yake akaenda. Hata sasa nikifumba macho silioni bawa likivunjika, namwona Runji anavaa kofia.

Makandi, usitazame ukuta, nitazame mimi. Ulipomleta Rwamba mwana wa Runji hapa nilimfukuza kwa fimbo, nikakuambia damu ya rubani iko kwao, na kwamba ukiolewa huko nitakulaani. Sikukukataza kwa sababu ya damu. Niliogopa siku ya mahari, wazee wakiketi pamoja, Runji akiwaona ng'ombe wake zizini mwangu. Ulikaa bila mume kwa ajili ya uongo wangu, mama. Sijui nikuombeje msamaha, kwa hiyo nakuomba tu hivi, kavu.

Runji alikufa mwaka juzi. Nilienda mazishini, nikasimama nyuma kama mtu aliyepita njia. Kwa hiyo aliyestahili kuyasikia haya hayuko, na mimi ndiye niliyesubiri mpaka asiwepo.

Sasa fanyeni hivi. Marcella, uende Kianjokoma, utafute mama yake Nyaga. Anaitwa Wanjira, nasikia yu hai, amezeeka. Miaka yote hii anajua ni Runji aliyemuua mwanawe. Umwambie ni Muthamia, mlinzi, na kwamba kitambaa kilikuwa cheupe. Usipambe. Akikufukuza, rudi umwambie tena siku nyingine. Umwambie pia kwamba mwanawe aliinua mkono.

Ng'ombe ni wa Rwamba. Yuko Githongo anatengeneza baiskeli. Wote kumi na wanne, na yule ndama wa juzi, Kiogora, usimfiche nyuma ya nyumba. Najua ulikuwa umewaweka kwa karo ya watoto. Najua. Hamtakuwa na maziwa, mtanunua kama watu wengine. Msimpe Rwamba kwa faragha, mpeni mbele ya chifu na mchungaji, na mseme kwa nini, kwa sauti. Baba yake aliitwa msaliti mbele ya watu.

Nikifa... ngoja. Nikifa msinipitishe langoni ng'ombe wakiwa ndani. Hata kama mvua inanyesha, hata kama mchungaji ana haraka. Rwamba aje na fimbo yake, awatoe mmoja mmoja, Kiogora uhesabu, uangalie kila pembe, nyuma ya ghala, chini ya mti, usiseme wameisha kabla hujaona kwa macho yako. Ndipo jeneza litoke.

Sogeeni niwabariki. Mababu walitema mate kifuani mwa mtoto, lakini mdomo wangu umekauka, hakuna kitu. Wekeni tu vichwa hapa. Makandi, wewe kwanza. Mungu akupe... akupe kile nilichokunyima. Kiogora, Mungu akupe mdomo wa kujibu ukiulizwa. Marcella, safari njema.

Nani yuko nje? Nasikia kengele za ng'ombe. Watoeni kwanza. Angalieni kule mwisho, kwenye kivuli... kuna mmoja husimama pale, hatembei mpaka... Angalieni tena.