Kocha wa Nyuma ya Goli

Benchi lililo nje ya duka la samaki na chipsi pale Llanferin linatosha watu watatu, na kila alasiri watatu hao ni walewale. Huku Wales, jina la mtu hufuatwa na kazi yake, hata akishastaafu: Emrys Maziwa, Handel Jeneza, na Gwilym Bomba mwenye chupa ya chai. Wote ni wajumbe wa kamati ya klabu ya kijiji. Jioni hiyo kamati ingepiga kura kumfukuza kocha, Ifor Mikono, aliyedaka miaka mingi katika klabu kubwa za Uingereza kabla ya kurudi nyumbani kufundisha. Wajumbe walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu, na kura ya Gwilym ndiyo ingeamua. Tangu mvua ilipokatika, Gwilym alikuwa akinywa chai yake tu.

— Kufungwa si hoja, alisema Emrys. Hoja ni kocha mzima kusimama nyuma ya goli letu! Wenzake wako pembeni ya uwanja, yeye kang'ang'ania wavu kama soksi iliyoanikwa.

— Mazoea, bwana, alisema Handel. Mwacha asili ni mtumwa.

— Asili gani? Haoni yule! Miwani anaionea aibu. Pale hahitaji kuutafuta mpira, unamfuata mwenyewe.

— Acha zako, alisema Handel. Anamkimbia mkewe, Nest. Akikaa jukwaani na mwavuli wake, sauti inafika hadi makaburini. Nawajua wateja wangu, wanageuka.

— Basi anauza mechi! Anawaonyesha washambuliaji wa wapinzani kwa macho: piga kulia, piga kushoto. Haba na haba hujaza kibaba, tutashuka daraja.

— Hiyo methali ni ya akiba, Emrys.

— Kwani mabao hawatuwekei?

Handel alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali.

— Gwilym, sema basi. Kipa ni mwanao.

Gwilym alijimiminia chai taratibu. Rhodri, mwanawe, aliacha mpira siku walipomzika mama yake. Msimu huu Ifor alimfuata nyumbani, akamrudisha langoni. Baba na mwana bado walikula chakula cha jioni wakiitazama televisheni, wakapeana chumvi, wakaenda kulala bila maongezi.

— Anadaka, alisema Gwilym. Basi.

Mererid, mwenye duka, mgeni wa mwezi huo, alitoka akijifuta mikono kwenye aproni.

— Samahani, wazee wangu. Jumamosi nilisimama upande ule wa goli. Kocha anaongea tangu mwanzo hadi mwisho, na kipa anamjibu. Huwa wanaongea nini?

Emrys alimtazama Handel. Handel akamtazama Gwilym. Gwilym akaitazama chai yake.

— Rhodri anamjibu? aliuliza Gwilym.

— Anamjibu, mzee, na kucheka anacheka. Hata tulipofungwa la tatu alikuwa anacheka.

— Si niliwaambia! alidakia Emrys. Wameuza mechi wote wawili!

Hakuna aliyemsikiliza. Gwilym aliinamisha chupa juu ya kikombe cha Handel. Yakatoka matone mawili, kisha hakuna kitu. Akaifunga, akainuka, akavaa kofia.

— Abaki palepale.

— Palepale wapi? Kwenye ukocha?

— Nyuma ya goli, alisema Gwilym, akashika njia ya nyumbani.