Zakayo Allen Millanzi, Mtoa Mizigo wa Mtaa wa Mkunguni

Baba Kasisi, wazee wetu, majirani wa Magomeni, na ninyi wenzake mliofunga ofisi Kariakoo mkaja kukaa nasi, mimi ni Kasmir, mdogo wa marehemu, familia imeniomba niwasomee, mtanivumilia sauti, siku hizi tatu hatujalala.

Kaka Zakayo alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 kijijini Chiungutwa, Masasi, mtoto wa kwanza wa Mzee Allen Millanzi, alisoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1976 hadi 1982, akamaliza kidato cha nne Ndanda mwaka 1986, na mwaka 1989 alikuja Dar es Salaam, akapata kibarua cha kuhesabu magunia bandarini.

Tarehe 3 Februari 1997 aliajiriwa na Mzee Suud, wakala wa forodha mwenye ofisi Mtaa wa Mkunguni, na kwa miaka ishirini na moja kazi yake ilikuwa kutembea, anachukua faili la mteja asubuhi, analipeleka forodha, kwa wenye meli, bandarini, anapanga foleni kila dirisha, anagongewa mhuri huu, anaambiwa ule aufuate kesho, jioni anarudi nyumbani miguu imevimba.

Jumamosi tarehe 2 Oktoba 1999 alifunga ndoa na shemeji yetu Dafrosa, Mungu akawajalia Jovin mwaka 2001 na Editha mwaka 2005.

Januari 2018 Mzee Suud alipumzika kazi, binti yake Zeina akashika ofisi, akaleta mfumo wa kompyuta ambamo hati zinaingizwa mara moja tu, na kila anayehusika anaona kontena liko melini, limeshushwa, au limekwama wapi, kaka akaukataa. Zeina alikuwa akimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo Mzee Zakayo, leo tuliingize lile faili?" naye anaitika, "Marahaba mwanangu, faili langu liko salama," mkoba uko begani.

Jumatatu tarehe 16 Aprili 2018 mvua ilijaza Jangwani, barabara ikafungwa, kaka akajaribu kuvuka kwa miguu, kwa kuwa mkobani mlikuwa na hati za kontena la tende la Anuari, mfanyabiashara wa Kariakoo, aliyekuwa anazisubiri kwa ajili ya Ramadhani, maji yakamfika kifuani, watu wakamvuta, hati zikalowa zote, na kwenye mfumo hakuwa ameweka nakala hata moja. Ikabidi hati ziombwe upya Maskati, tende zikatoka bandarini mfungo ukiwa siku ya tisa, Anuari akaja ofisini, hakugomba, akasema tu, "Mzee, ungeniambia mapema mzigo umekwama, ningejua la kufanya," akaondoka, na kaka aliniambia mara nyingi kwamba heri angetukanwa.

Kesho yake alimwendea Zeina akamwambia, "Nifundishe, ila polepole." Alijifunza akiwa na miaka hamsini, kwa miwani ya kuazima, kila hatua akiiandika kwenye daftari, na sitaki kusema uongo mbele ya jeneza, mfumo haukumpumzisha, maana zamani mteja hakujua mzigo wake uko wapi, akavumilia, sasa anauona kwenye simu yake, anapiga, anauliza, na siku mtandao ukikatika watu wanarudi kusimama madirishani vilevile. Lakini hakuna faili lake lililopotea tena, na Anuari alirudi, mizigo yake yote ikawa inapita kwa kaka, kwa sababu kukiwa na tatizo kaka alimpigia kabla hajapigiwa.

Sukari ilimsumbua tangu 2015, na tarehe 11 Julai 2022 alikatwa mguu wa kulia, tukajua kazi imekwisha, yeye mwenyewe akaandika barua ya kuacha. Zeina alikuja Magomeni na kompyuta, akaiweka juu ya cherehani ya shemeji, akasema, "Mzee, barua yako sijaisoma, kuna makontena manne yanakusubiri." Kwa zaidi ya miaka miwili alitoa mizigo akiwa ameegemea mito, mguu wake uliobaki hauna haja ya kwenda popote, na Editha akaingia chuo kwa kazi hiyo.

Novemba 2024 figo zilishindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Ijumaa tarehe 7 Februari 2025, ametoka hospitali, aliomba kompyuta, akamkabidhi mwenzake Shadya mafaili sita yaliyobaki, moja moja, kila moja akiandika kinachosubiriwa, akawapigia wateja wote sita kuwaambia mizigo yao sasa iko kwa nani, kisha akamwambia shemeji, "Dafrosa, leo sina mzigo bandarini," akaomba uji, akanywa nusu. Alifariki Jumatatu tarehe 10, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba hadi garini kila alipokwenda kusafishwa na kumrudisha kitandani bila kuitwa mara ya pili, Zeina na ofisi nzima, na Anuari, ambaye tangu Jumatatu yuko hapa anapanga viti.

Kaka, umechoka, nasi tumechoka, lala sasa kwa amani.