Mama Edda na Bahasha za Minyoo

Na Sadallah, msaidizi wake dirishani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia watu na kuwakaripia, Bi. Bernadina Tluway, mfamasia wetu, alistaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo wanalijua mwajiri na benki tu. Babati nzima inamwita Mama Edda, na nusu ya Babati imewahi kufokewa naye kwa kuacha dozi katikati.

Alianza kazi famasia ikiwa chumba kimoja chenye feni isiyozunguka. Vyumba vimeongezeka, feni ni ile ile. Hakuwahi kuchelewa, na hakuwahi kukubali kwamba miwani inayotafutwa na ofisi nzima iko kichwani mwake. Mwenyekiti wa bodi ya famasia yetu alipotaka antibayotiki bila cheti cha daktari, alirudishwa mikono mitupu, foleni nzima ikiona, kama mtu mwingine yeyote. Sisi tulijifanya tunapanga mabomba ya sindano.

Mungu alimpa kila kitu isipokuwa kunong'ona. Akimwita Mama Amira achukue dawa ya fangasi, bodaboda wa stendi nao wanampa pole. Hilo liliwasumbua hasa kinamama wa vidonge vya uzazi wa mpango. Hospitalini vilikuwa bure, ila benchi la kliniki hukaliwa na mawifi wa kuanzia Singe hadi Nakwa. Wenye kadi za bima ya umma walipenda dirisha letu, lakini bima haikulipia vidonge hivyo bila fomu ya daktari, na daktari yuko mbele ya benchi hilo hilo. Yaani mwanamke alikwepa benchi kwa kupitia kwenye benchi.

Fomu hakuweza kuiondoa, ila kwa siri ya nyumbani Mama Edda akabuni lake. Juu ya kila bahasha ya kaki yenye vidonge hivyo aliandika "Minyoo". Hakuna mume atakayejali dawa ya minyoo ya mkewe, alisema, na sisi tukampigia makofi.

Miaka sita iliyopita Anselimu, mlinzi wa shule huko Sigino, alikula kitimoto cha harusi, tumbo likamchachamaa, akaikuta bahasha ya mkewe Rosa, yaani Mama Felix. Akameza pakiti nzima. Siku ya nne alikuja dirishani kutupongeza. Alisema ametapika mpaka minyoo imehama ukoo mzima, na akaomba bahasha nyingine kwa ajili ya jirani. Tulikimbilia stoo kucheka. Mama Edda hakucheka, maana alijua Rosa amebaki bila vidonge.

Ili bima ilipie pakiti nyingine, Rosa alihitaji fomu mpya, na hela ya kununua mwenyewe hakuwa nayo. Alikwenda kliniki mara mbili. Mara zote alimkuta mama mkwe wake kwenye benchi, amekuja kupima presha, akageuza. Mimba ya saba ikaingia, wakati daktari alikuwa amemwonya tangu ya sita. Alijifungua kwa upasuaji, akapoteza damu nyingi, na kwa siku mbili hatukujua kama atapona. Mama Edda alijipeleka mwenyewe kwa bodi, akakiri kuandika uongo kwenye bahasha, akapewa barua ya onyo. Ilikuwa haki yake. Bodi ilipombana ataje bahasha ilikuwa ya nani, alikataa. Barua hiyo ameitia fremu, na ipo ukutani chini ya feni.

Rosa alipona, na ni yeye aliyemweleza mumewe ukweli, pale pale wodini. Tangu siku hiyo Anselimu akawa anapita upande wa pili wa barabara, mbali na dirisha letu.

Mama Edda naye aliacha kuandika uongo, akaanza kuandika barua. Kila mwaka alipeleka moja bima, akieleza kwamba mfamasia amesomea dawa hizi, anajua kupima presha na kuuliza yanayopaswa kuulizwa, basi sahihi yake itoshe. Tulimtania kwamba viboko wa ziwa letu watapata kadi za bima kabla yeye hajapata jibu. Naomba ijulikane kuwa mimi ndiye niliyetania zaidi, na leo naona aibu.

Aprili mwaka huu barua ya sita ilijibiwa. Famasia yetu ijaribu kwa mwaka mmoja: mfamasia asaini, bima ilipe, na wasipopatikana wateja mpango ufungwe. Kuanza, tarehe 1 Julai. Mama Edda alisoma tarehe mara mbili, akacheka mpaka miwani ikadondoka. Alikuwa amepigania sahihi ambayo hataiweka hata mara moja.

Asubuhi ya tarehe hiyo mstaafu wetu alikuja kukaa kwenye viti vya wateja, akidai anamsubiri mtu. Mpaka saa nne hakuna aliyethubutu kuomba vidonge. Kinamama walifika, wakaitazama foleni, wakanunua Panado na kuondoka. Mama Edda alikunja kona ya kitenge chake, akaikunjua, akaikunja tena.

Ndipo akaingia Anselimu, Rosa akiwa nyuma yake. Aliweka kadi mbele ya Tariq, mfamasia wetu mpya.

"Kijana, tumefuata zile za minyoo za Mama Felix," alisema, foleni nzima ikisikia. "Andika jina la kweli la dawa. Safari hii sizili."

Tariq alimuuliza Rosa maswali, akampima presha, akasaini. Kufikia saa saba alikuwa amewasainia wanawake tisa. Mama Edda alilia, na kwa sauti ile aliyopewa, stendi nzima ilijua.

Mama Edda, asante kwa ukali wako na kwa ukaidi wako. Tunakuombea mahindi yaliyojaa huko shambani kwako Nakwa, wajukuu wanaomaliza dozi, na miwani isiyopotea. Zawadi yetu imo kwenye bahasha ya kaki, na juu yake tumeandika kilichomo.