Mtori wa Steven na Darasa la Wachumba

Baba Paroko, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, masista, wazazi wenzangu wa Kariakoo na Upanga, nanyi majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko: tumsifu Yesu Kristo, na amani iwe juu yenu nyote.

Tunamuaga Mama Candida, aliyewafundisha wachumba wa parokia hii kwa miaka ishirini na miwili. Amependekeza darasa lake lipokewe na Steven na mkewe Josepha. Mnajua jinsi pendekezo hilo lilivyotugawa. Baba Paroko hatalipitisha maadamu lipo pingamizi la mzee hata mmoja, na baadhi yenu mmesema wazi kwamba mwanamume aliyempikia mkewe mzazi mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama, hawezi kuwafundisha vijana ndoa ya Kikatoliki.

Maneno hayo niliyaanzisha mimi. Pingamizi lililoandikwa ni langu.

Josepha alipojifungua, mama mkwe wake, ambaye kwa desturi yetu ya Kilimanjaro angekuja kumlisha mzazi miezi mitatu, alikuwa amelazwa kwa kuvunjika nyonga. Steven akafunga duka lake la vitenge Mtaa wa Kongo, akajifunga kanga kiunoni, akamenya ndizi. Zamu ya sala za jumuiya ilipofika nyumbani kwake, mimi kama mzee wa jumuiya niliagiza sala zihamishiwe kwingine. Mama Candida akanijibu mbele ya watu: "Mwalimu, Yosefu alipokuwa safarini kwenda Misri na mkewe mzazi, uji alipika nani? Au ulikuwepo wewe?"

Mlicheka. Mimi nilikwenda kumkanya Steven. Nilimkuta Mzee Mwinyimvua, jirani yake, akimtania kwa jina wanaloitwa watu wa Kilimanjaro: "Mangi, mtori wako hauna chumvi!"

"Mzee, huo ni wa mzazi. Wewe jifungue kwanza, nitakutilia chumvi."

Josepha alikuwa ameketi, amenawiri, mtoto kifuani, akiongoza Rozari tangu mwanzo hadi mwisho bila kuitwa na jiko. Je, umama ulidharauliwa katika nyumba ile? Mimi niliyeuhubiri umama miaka arobaini, mke wangu alirudi jikoni siku ya nane baada ya kumzaa mtoto wetu wa tatu, nami nikiwa sebuleni ninasahihisha madaftari. Niliuita huo utii wake. Ulikuwa uvivu wangu.

Sijabadili imani. Umama ni wito mtakatifu, na baba ni kichwa cha nyumba; hayo nitazikwa nayo. Lakini ni kichwa gani hicho kinachoketi kikingoja kuhudumiwa na mwili ambao bado unavuja damu? Nyumba yangu ilikuwa na kichwa cha namna hiyo, nami sitaki wachumba wetu wajifunze kwangu.

Baba Paroko, mbele ya kusanyiko hili ninaliondoa pingamizi langu. Kama yupo mzee mwingine anayetaka kuandika lake, na asimame sasa, atuambie siku aliyompikia mkewe.

Naona mmeketi nyote. Steven, Josepha, darasa ni lenu kuanzia Jumamosi. Ninawashukuru kwa kunisikiliza hadi mwisho.