Mwalimu Esta Mmbaga na Maua ya Maboga ya Bombo

Marehemu Mwalimu Esta Gideoni Mmbaga alizaliwa Myamba tarehe 9 Machi 1946, mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Gideoni Mmbaga na Bibi Eva, wakulima na Walutheri. Bibi alipenda kutusimulia sisi wajukuu wake kwamba mtoto huyo alipoambiwa jambo haliwezekani, alikwenda kulijaribu kabla ya chai.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hapo Myamba, akamaliza mafunzo ya ualimu mwaka 1964. Januari 1965 alipangiwa shule ya hapa Bombo. Alipanda mlima na sanduku moja kichwani, akafundisha sayansi kwa miaka thelathini na mitatu bila kuomba uhamisho.

Tarehe 19 Desemba 1970 alifunga ndoa na Bwana Anderson Mchome, fundi mitambo katika shamba la mkonge kule tambarare. Bwana Mchome, baba yetu, alitaka waishi huko. Marehemu alikubali posa kwa sharti kwamba yeye habanduki shuleni, kwa hiyo baba akawa mtu wa kupanda mlima kila mwisho wa mwezi. Mungu aliwajalia watoto wawili: mimi, Eva, ninayesoma wasifu huu, na mdogo wangu Eliufoo.

Wengi hapa mnakumbuka mwaka 1984. Mvua ilikuwa haba, tulikula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na sabuni ilikuwa ya kusikia. Darasa la Tano tulikuwa wanafunzi arobaini na saba na kitabu kimoja cha sayansi, na ukurasa wenye mchoro wa ua ulikuwa umechanika. Marehemu alisema mtoto wake hafanyi mtihani wa kitu ambacho hajakishika. Akaagiza kila mmoja alete ua la boga.

Tulileta, na kwa kuwa tulitaka kumfurahisha, tulichagua yale manene yenye kiboga kidogo chini yake. Yote yalikuwa majike. Mimi nilileta nene kuliko yote, nililolichuma katika shamba la jirani yetu Mama Aminieli bila ruhusa. Marehemu alifurahia somo, hata akasahau kuuliza maua yale yametoka wapi.

Kesho yake akina mama kumi na mmoja walifika ofisini na majembe yao. Mama Aminieli alisema kwa wote: "Mwalimu, maboga yetu ya mwezi wa saba umeyamaliza kwa kipindi kimoja."

Mwalimu mkuu alimshauri arudi ubaoni, aachane na maua. Kwa wanafunzi wasio na kitabu, hilo lilikuwa sawa na kuifuta mada nzima. Marehemu alikataa. Aliwakaribisha akina mama darasani, akawaketisha kwenye madawati yetu na kukiri mbele ya watoto kwamba kosa lilikuwa lake. Halafu akafundisha. Alionyesha sepali, ambazo hulifunika ua likiwa changa, na petali za njano, ambazo huwaita nyuki. Alipasua ua dume na kumpaka kila mama kidoleni chavua, ule unga wa njano unaotoka kwenye stameni. Katika ua jike alionyesha stigma yenye kunata inayoipokea chavua, staili inayoiteremsha, na ovari, ambamo mbegu hutungwa na ambayo ndiyo huwa boga. Akina mama walikuwa wakiyaita madume maua ya bure. Siku hiyo walielewa kwamba bila dume kiboga hudondoka. Tangu hapo ikawa sheria ya shule: chuma dume, chuma moja, mengine waachie nyuki.

Hakuishia hapo. Kwa wiki tatu, kila kulipopambazuka na kabla ya kengele, alipita katika mashamba tuliyoyaharibu akiwa na ua dume mkononi, akigusisha stameni kwenye stigma za majike yaliyobaki ili lisipotee hata moja. Maneno yakaanza kwamba mwalimu anaroga mashamba. Mama Aminieli alimvizia akamuuliza anafanya nini. Akajibu, "Nafungisha ndoa, mama." Mwishoni mwa Julai tulikula maboga, na la kwanza aliletewa marehemu.

Miaka ya tisini vitabu vilijaa madukani Same, kwa wenye uwezo. Shule ilipopata picha ya ua yenye rangi, aliitundika vizuri, kisha akawatuma wanafunzi shambani kama kawaida. Alisema picha haiachi chavua kidoleni.

Mwaka 1991 aligundulika kuwa na kisukari, nacho kikamla macho taratibu. Mwaka wake wa mwisho alifundisha kwa kupapasa, na wanafunzi wake walifaulu. Alistaafu Desemba 1997. Mei mwaka huu alilazwa hospitalini Same.

Jumapili tarehe 30 Mei nilimpelekea ua la boga kitandani. Alipitisha kidole kwenye petali, akashuka polepole hadi kwenye kiboga.

"Eva, hili ni jike," alisema. "Umelichuma tena kwa Mama Aminieli?"

Kumbe alijua. Miaka kumi na mitano alijua, akalibeba kosa langu mbele ya akina mama wale kama lake peke yake. Nililia, naye akanicheka. Aliniambia kesho asubuhi nikayafungishe ndoa majike yaliyobaki. Nilikwenda. Jumatano tarehe 2 Juni 1999, saa kumi na moja alfajiri, alituacha.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na wanafunzi ambao hakuwahi kuwahesabu.

Mama Aminieli, jike lile nene la mwaka 1984 nililichuma mimi. Naomba unisamehe. Na kwa agizo la marehemu, atakayemwekea ua la boga kaburini aweke dume, aweke moja. Mungu ampokee mwalimu wetu, alale salama.