Maisha ya Margaret Mwaro, Mama Kiputo wa Maabara

Ndugu na majirani wa Ndera, jamaa mliotoka Hewani, walimu na wanafunzi mliofika kutoka Garsen, familia inawaomba mtulie kidogo, mpate kusikia jinsi Margaret alivyoishi.

Marehemu Margaret Mwaro alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kijijini Hewani, mtoto wa tatu wa Mzee Josiah na Mama Joy, wakulima wa migomba na mpunga kando ya mto. Alisoma shule ya msingi papo hapo Hewani kuanzia mwaka 1986 hadi 1993, akaendelea na sekondari Garsen hadi 1997, kisha akaenda Mombasa kusomea kazi ya maabara, akahitimu mwaka 2001.

Januari 2003 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara katika shule ya upili karibu na Garsen. Maabara yenyewe imejengwa juu ya udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, basi sakafu haikutulia mwaka mzima, na mizani ya kupimia kemikali, ambayo huhisi hata pumzi ya mtu, ilikuwa ikilala upande. Kila asubuhi, kabla ya kengele, Margaret alifunga madirisha, akainama juu ya kiputo cha hewa kilicho ndani ya kioo kidogo chenye duara nyuma ya mizani, kinachoonyesha kama imekaa sawa, akazungusha miguu miwili ya mizani polepole, mpaka kiputo kikaingia katikati ya duara, ndipo akaiwasha. Wanafunzi walimbandika jina la Mama Kiputo, wakawa wakimwuliza mlangoni, "Mama Kiputo, leo kimeamkaje?" naye huwajibu, "Kimeamka salama, nyinyi ndio mmeamka upande."

Tarehe 11 Desemba 2004 alifunga ndoa kanisani na Bwana Hudson Mwaro, mkulima wa hapa Ndera, na Mungu akawajalia watoto watatu, Jasper mwaka 2005, Valary mwaka 2008 na Dan mwaka 2014. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoingia nyumbani, Margaret hakuwapo, alikuwa kwenye mashua akiihamisha mizani ya shule, ameipakata, ameifunga kwa leso yake, na Bwana Hudson alimtania hadi mwisho kwamba godoro lao lilikwenda na maji kwa sababu halikuwa na kiputo.

Aprili 2024 figo zake zilianza kushindwa kazi. Jasper alikuwa kibaruani Malindi na Dan bado mdogo, kwa hiyo Valary, aliyekuwa Kidato cha Pili katika shule ile ile, aliacha masomo ili amwoshe mama yake, ampikie, na kumpeleka kusafishwa damu. Margaret hakulalamikia sindano hata moja, lakini jambo hilo lilimuuma, kwamba watoto wa wenzake wote wamepimia pale mezani pake, wa kwake hajaigusa mizani.

Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025, mtihani wa vitendo ukikaribia, aliomba apelekwe maabara, akapanda bodaboda, Valary nyuma yake akimshikilia asianguke. Vidole vyake vilitetemeka, havikuweza kuzungusha miguu ya mizani, akaketi kwenye stuli akamwambia binti yake, "Zungusha wewe. Wa kushoto. Polepole mwanangu, usikifukuze, kiache kije." Kiputo kilipita duara, kikarudi, kikapita tena, kisha kikaingia na kutulia, na Margaret akamgeukia Mwalimu Shamsudin wa Kemia aliyesimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, umeona? Huyu ana nafasi yake hapa." Jioni ile Bwana Hudson alimwahidi mkewe kwamba Valary atarudi darasani Januari 2026, na ameomba ahadi hiyo isomwe leo mbele ya jeneza, ili nyote muwe mashahidi, na mumuulize asipoitimiza.

Margaret alituacha alfajiri ya Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, Valary akiwa amemshika mkono, nao mkono ulikuwa umeacha kutetemeka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioteka maji na kupika tangu msiba uanze, Mwalimu Shamsudin na walimu wenzake, na dereva wa bodaboda aliyekwenda mwendo wa taratibu siku ile na kukataa nauli.

Nanyi vijana mtakaoshika kamba, tunawasihi mzilegeze pamoja, kichwani na miguuni, jeneza lisiinamie upande wowote, kwa maana yeye hakuweza kuacha kitu kikiwa kimelala upande.

Kimetulia katikati, Mama Kiputo. Lala kwa amani, mahali palipo sawa.